Fundi bingwa wa Birere

Goma, Alhamisi

Bingwa gani huyu fundi wa mtaa wa Birere! Wiki tatu amekaa na motokari yetu ya mbio, ile mimi na marehemu mume wangu tuliyoifunga wenyewe kutoka vipande vilivyokuja mu masanduku. Leo ananiambia, "Mama, nimefungua motere yote, nimeisafisha."

Nikainua kapo, kile kifuniko cha injini. Vumbi nyeusi ya volkano ingali juu ya kila buloni, haijaguswa hata na kidole.

"Umefungua wapi, Papa?"

"Mama, motere ni mambo ya wanaume."

Mupumbavu. Nilichukua spana yake, nikalegeza buloni ya kwanza mbele ya wateja wake.

Nimeirudisha nyumbani kwa kuivuta na kamba. Sasa ninaogopa kuifungua peke yangu. Motere aliifunga mume wangu. Mimi nilishika taa tu.