Nyumba Arobaini Ndani ya Nukta Moja

Kaka Saidi,

Shikamoo. Naitoa kwa kuwa umenitangulia kuzaliwa, si kwa kuwa moyo umeridhia. Mimi na wanangu huku Dar ni wazima. Mama je? Nyonga bado inamsumbua? Nijibu hilo kwanza, matusi yako yafuate baadaye.

Barua uliyompa utingo wa basi pale Segera imefika. Eti nimeuza kisima cha kijiji chetu cha Misima kwa watu wa kijiji cha Mnyuzi, na umenitangaza hivyo barazani mbele ya wazee. Kaka, huna haya. Kazi yangu hapa kwenye mradi wa visima ni kuingiza kwenye kompyuta majibu mnayowapa wadodosaji na kuyachorea chati. Kugawa visima sijawahi kupewa. Sasa kaa kitako nikuambie nani kakiuza.

Kwenye chati ile kila nyumba ina nukta yake. Mkifuata maji mbali, nukta inakwenda kulia. Madumu yakiwa mengi, inapanda juu. Watu wa Mnyuzi walibishana mbele ya mdodosaji, kila mmoja na lake, na nukta zao zikatapakaa chati nzima. Misima ikatoka nukta moja. Mkuu wa mradi akaitazama, akasema, "Huku Misima mwenye shida ni mmoja tu. Kisima kiende Mnyuzi." Nilikuwa nyuma yake, na aibu niliyoiona sijui niisemeje.

Nikafukua fomu. Nyumba ya kwanza, Mzee Mgaza: mwendo wa saa mbili, madumu matatu kwa siku. Ya pili, hivyo hivyo. Mpaka ya arobaini! Pembeni mdodosaji kaandika, "Balozi anasema Mzee keshajibu." Balozi wa nyumba hizo ni wewe, uliyempitisha mlango kwa mlango. Najua kwetu mkubwa akishasema mdogo hamkosoi, nami nimelelewa hivyo. Lakini hiyo ni heshima ya msibani na ya posa, si ya kuhesabia madumu. Nyumba arobaini zenye jibu moja hulaliana mahali pamoja, kama sahani zilizopangwa: anayetazama kwa juu huona moja.

Nikazifanya nukta kuwa viduara vitupu, nikakitenga kila kimoja na mwenzake kidogo sana, na chini nikaandika kwamba vimesogezwa ili vionekane. Nikamrudishia mkuu. Akauliza, "Hawa wote walikuwa wapi?" Nikamjibu, walikuwa hapo hapo. Sasa uamuzi umesimamishwa, na wadodosaji wanarudi Misima Jumatatu ijayo kuuliza upya, mlango kwa mlango.

Fomu ya mwisho ilikuwa ya mama. Saa mbili, madumu matatu. Mama yetu, anayekaa ng'ambo ya korongo, anayekokota mguu, anayerudi na dumu moja jua likiwa utosini! Wewe uliyesimama mlangoni kwake ukamjibia, hilo la pili na la tatu humbebea nani? Nilikuchukia siku ile, na sifichi.

Nisalimie wifi yangu, mkeo, aliyekuvumilia miaka yote hii. Msalimie shangazi mfinyanzi. Mzee Mgaza mwambie sina ugomvi naye, yeye alisema la nyumbani kwake.

Jumatatu wewe nenda shamba. Mwache mama ajibu mwenyewe.

Mdogo wako uliyemwita mwizi,
Mwanaidi