Safari Hii Usinifiche, Dada

Mbwemkuru, Ruangwa

Dada yangu Kabula,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mgongo uliokusumbua wakati wa palizi umetulia. Shemeji bado anakohoa? Na mvua huko zimekuja, au mnatazama mawingu tu? Huku mke wangu Minza mzima, watoto wazima. Mimi nala na kulala, lakini nimechoka, dada. Nimejichoka mwenyewe.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Juzi nilikupigia tukaongea habari za mahindi mpaka salio likaisha, na nililokupigia sikulisema. Hata karatasi hii ni ya tatu. Ya kwanza sijui niliiweka wapi, ya pili niliiacha juu ya debe, ndama akaitafuna.

Yaliyonikuta ni haya. Huku ufuta hukatwa, ukafungwa mafungu na kusimamishwa shambani ukauke. Ukifika hapo hautaki hata kuguswa, mbegu zinamwagika. Siku hiyo nilikuwa nachunga karibu na shamba la jirani yetu, Bi Somoe, mwenyeji wa hapa tangu enzi za babu zake. Yeye alitupokea vizuri tulipofika na ng'ombe, wakati wengine wanatukunjia uso. Akapita mtu wa bodaboda, mnyororo umemkatikia. Nikasema ngoja nimsaidie mara moja. Dada, nilivyoufunga ule mnyororo! Sikusikia wala kuona kitu kingine. Niliponyanyua kichwa, ng'ombe wote wako katikati ya ufuta, mafungu yamelala chini, mbegu zimejaa mchangani. Ufuta ukishamwagika mchangani hauokoteki.

Baba mdogo Masanja, ambaye ng'ombe wake nawachunga pamoja na wetu, alisema mbele za watu, "Ikitokea tena nawatoa wote mikononi mwako. Utachunga kuku." Watu wakacheka. Nami nikacheka, nifanyeje? Lakini hakuwa anatania, na bila ng'ombe hao sina cha kufanya huku.

Bi Somoe ndiye aliyenishangaza. Alikuja nyumbani, nikajiandaa kutukanwa. Akavuta kigoda akakaa. "Hasira ninazo, wallahi, usione nimekaa," akasema. "Lakini wewe si mkorofi. Mwanangu yuko hivyo hivyo, anaanza hiki anaacha, anaanza kile anaacha. Hebu nenda hospitali ukaseme. Kuna watu wanapima mambo hayo siku hizi."

Basi nikaanza kuzunguka. Pa kwanza walinipima malaria, hamna. Sukari, hamna. Tabibu akaniuliza kama navuta bangi, nikasema sivuti. Akasema kutotulia ni ugonjwa wa watoto, mtu mzima mwenye mke ajitahidi tu. Nilipombana sana akaniandikia rufaa, nikaitia mfuko wa shati, Minza akalifua shati. Nikarudi kuomba nyingine. Nikapangiwa Jumanne, nikaenda Alhamisi. Mlinzi akaniambia kliniki hiyo hadi mwezi ujao. Hebu fikiria, dada: ninachoumwa ni kusahau, na ili nitibiwe natakiwa kukumbuka tarehe. Nilikaa chini ya ukuta wao nikajisikia kulia.

Mara ya mwisho Minza alinipeleka mwenyewe, tukapanda mpaka upande wa Nachingwea. Tukakaa kwenye benchi lenye kibao cha afya ya akili. Akapita mtu tunayeonana mnadani, nikamwambia nimesindikiza mgonjwa.

Muuguzi wa pale, mama mmoja mpole, alinisikiliza mpaka mwisho. Hali hiyo ina jina la herufi nne za Kizungu. Alisema maana yake akili haikubali kutulia pale mwenyewe anapotaka itulie, na watu wazima wanayo pia. Nilifurahi kama niliyesamehewa. Kisha akasema, "Ila mimi siruhusiwi kukuandikia kwamba unayo. Anayeandika ni daktari bingwa, naye hakai hapa. Jina lako naliweka kwenye foleni. Na akija atataka mtu aliyekujua ukiwa mdogo, aandike ulivyokuwa. Kama haikuanza utotoni, atasema ni kitu kingine."

Mama alitutoka mapema, baba naye hayupo. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alishafariki. Umebaki wewe.

Na hapo ndipo penye ugumu. Jioni baba akiuliza ndama wote wameingia, nani alikuwa anajibu wameingia? Ni wewe, kisha unazunguka nyuma ya boma kumtafuta niliyemsahau. Siku nilipowaacha maksai wamefungwa nira juani nikaenda kutazama trekta barabarani, ulisema ni wewe uliyewaacha. Ukachapwa. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala, nikasikia fimbo zote, sikutoka. Sijawahi kukuomba radhi. Nakuomba leo.

Baba alikufa akijua nachunga vizuri. Ndiyo maana alinikabidhi ng'ombe nije nao huku.

Nakujua, dada. Ukishika kalamu utataka kuandika kwamba mdogo wako alikuwa mtoto mtulivu na msikivu. Ukiandika hivyo watanipa panadol wanirudishe nyumbani, na ng'ombe wakiingia shamba lingine sitakuwa na la kusema.

Nisalimie shangazi Holo, mwambie blanketi alilonifumia bado ninalo, hilo sijalipoteza. Nisalimie shemeji, na mjomba Lubinza aliyenifundisha kukamua. Minza anakusalimu, na Bi Somoe naye, ingawa hakujui. Tunamsaidia kulima sasa, kila Jumamosi. Minza ndiye anayenikumbusha.

Binamu yetu Sitta anakuja huku kwa basi wiki ijayo. Mpe yeye karatasi utakayoandika, na umwambie asinikabidhi mimi, amkabidhi Minza.

Andika yote, dada. Ndama, maksai, trekta, na fimbo ulizokula kwa ajili yangu. Baba hayupo tena wa kunichapa. Safari hii nishitaki.

Mdogo wako uliyemlea,
Maduhu