Bomba Moja la Uchawi

Jumanne, 3 Juni

Baba mkwe ameongea! Si salamu, si "chai inatosha, mama." Ameongea dakika kumi mfululizo, tena habari za uchawi.

Yuko kwetu wiki ya tatu, anasubiri kutolewa mtoto wa jicho. Macho yote mawili yana ukungu, wataanza na la kulia. Mume wangu huchelewa kazini, kwa hiyo nikitoka maabara tunabaki mimi na Baba sebuleni, tumekaa kama wagonjwa kwenye foleni. Miaka minane ya ndoa, na sikumbuki tuliwahi kuzungumza nini. Wiki ya kwanza tu nikachoka na kimya. Nikasema, Baba, nikusomee kitu? Akasema soma. Mkononi nilikuwa na kitabu cha pili cha Kengele, zile riwaya za uchawi. Basi nikasoma, kwa aibu. Mtu mzima, fundi wa meno bandia, nasoma habari za mnara ambao kengele zake zikilia hata mawe yanatii.

Hakunikatiza hata mara moja. Tumemaliza cha pili, cha tatu na nusu ya cha nne.

Leo nikamwambia kuna vitabu vingine vya mwandishi huyohuyo, vya Chumvi, nchi nyingine kabisa. Huko watu huwasha taa kwa maneno. Ila kila kitabu taa zinafifia zaidi. Kule Kengele ni kinyume, uchawi unazidi nguvu mpaka kengele zinalia zenyewe. Na kuna watu (sikusema ni mimi) wanaoamini hizo nchi mbili ni ulimwengu mmoja, ila hawajui zinaungana wapi.

Nikadhani amesinzia.

"Hilo ni bomba moja," akasema.

Amekuwa fundi bomba miaka thelathini na nane. Akaeleza: nyumba ya chini wakifungulia maji, ya juu wanakosa. Hao wa Chumvi hawajalaaniwa na mtu. Wako ghorofa ya juu, basi.

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Kwa sababu inaingia akilini!

Alhamisi, 5 Juni

Nimeandika Kijiweni. Mimi! Miaka minne nipo kwenye lile kundi la wasomaji mtandaoni, sijawahi kuandika hata "asante." Jina langu huko ni Gego. Nimeeleza bomba, ghorofa, presha, yote.

Profesa amejibu baada ya robo saa. Profesa ndiye mkubwa wa Kijiwe, nadharia zake zina sura na tanbihi. Anasema yangu inachekesha lakini haina mashiko, uchawi si maji ya kuoga. Akabandika picha ya beseni. Watu sitini wamecheka.

Nikamsomea Baba. Nilitaka kuruka ile ya beseni, nikashindwa.

Akauliza, huyo Profesa ameshika spana lini?

Jumapili, 8 Juni

Kazi nzuri leo. Nimekaa sakafuni na vitabu tisa, Baba kwenye kochi ananiongoza kama vile tuko chini ya sinki la mtu. Mwaka wa njaa ya kengele ni upi? Soma. Upande wa pili taa zilikuwaje mwaka huo? Soma. Kila kengele zilipokaa kimya, kule Chumvi taa ziliwaka sana. Mara tano katika vitabu tisa. Mara tano!

Mume wangu kapita na taulo shingoni, akatutazama, akaenda zake. Baadaye ananinong'oneza: "Umemfanya nini baba yangu?"

Mchana wifi alipiga. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mkaguzi wa mizani, kazini na nyumbani pia. Anasema Baba akishapona jicho anakuja kumchukua. Chumba kiko tayari, godoro jipya, dirisha linatazama bustani. Amekaa kwenu vya kutosha, anasema, nanyi mmechoka. Kwa wema kabisa. Ni haki yake, ndiye mkubwa. Nikasema sawa, wifi, asante.

Nikaunguza sufuria.

Mume wangu akauliza mbona nimekunja uso, waifai imekata? Nikamwambia hapana, wifi amepiga. Akacheka peke yake.

Jumatano, 11 Juni

Siku ndefu maabara. Seti nzima ya juu imerudishwa, mgonjwa anasema meno yanamfanya afanane na shemeji yake asiyempenda. Nimeyapanga upya, nikaliinamisha moja kidogo. Meno yaliyonyooka sana hayana mwenyewe.

Nyumbani Baba alikuwa ananisubiri. Kweli, alikuwa ananisubiri! Kiti kimeshageuzwa kuelekea changu. Akasema amewaza tangu asubuhi. Bomba halijitandazi lenyewe, kwa hiyo fundi yuko. Na kama lingali linafanya kazi baada ya miaka yote hiyo, fundi bado anapitapita.

Nikasema mwandishi hajataja fundi yeyote. Akasema hawezi kutajwa, nani anamtaja fundi bomba? Unamwona siku maji yamekatika tu.

"Sasa tutampataje, Baba?"

"Tafuta mtu asiyeshangaa."

Akaeleza taratibu, mikono ikizungusha koki ambayo haipo. Maji yakikatika, nyumba nzima inapiga kelele. Mama anapiga kelele, watoto wanapiga kelele, jirani anakuja kuuliza na kwako pia? Fundi hapigi kelele. Fundi anaweka sikio ukutani. Anasikiliza kama kuna hewa au kuna maji. Kisha anaendelea na alichokuwa anafanya, maana ameshajua.

Akasimama, akapapasa mpaka kwenye ukuta wetu wa bafu, akaweka sikio. Akakaa hivyo. Nami nikaweka langu. Tukawa tunatazamana pua kwa pua, mimi na baba mkwe wangu, tunasikiliza ukuta.

"Bomba lenu limelegea hapa," akasema. "Mwambie mumeo."

Ijumaa, 13 Juni

TUMEMPATA.

Kengele, kitabu cha kwanza, ile harusi ambapo kengele zinagoma. Wageni wanalia, mfalme anaanguka. Na kuna mfagiaji wa mnara, mwanamke, hana hata jina. Anaegemeza sikio la kushoto ukutani, "kama anayesikia habari za zamani," kisha anaendelea kufagia. Nimekisoma kitabu hicho mara sita! Nilidhani ni pambo.

Chumvi, kitabu cha tatu, soko zima linaingia giza. Kila mtu anakimbia. Muuza tambi za taa, mwanamke, hana jina, anaweka sikio la kushoto kwenye ukuta wa soko, kisha anaendelea kufunga bidhaa zake.

Kushoto na kushoto! Ni mwanamke yuleyule.

Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga kuuliza kuna nini. Baba akamjibu kwa heshima zote: "Tumempata fundi." Jirani akasema vizuri, anifanyie na mimi choo changu.

Nimeyaandika Kijiweni bila mbwembwe. Namba za kurasa mbili na mistari miwili, basi. Sijasema lolote kuhusu beseni.

Jumanne, 17 Juni

Upasuaji. Nimeomba ruhusa, mume wangu pia. Baba alikuwa mtulivu kuliko sisi. Alipoitwa aligeuka akaniuliza tuliishia sura ya ngapi. Nikasema ya kumi na mbili. Akamwambia muuguzi, "Kumi na mbili, usisahau." Muuguzi akaiandika, maskini, kwenye fomu.

Kila kitu kimekwenda salama.

Alhamisi, 19 Juni

Jana walimfungua bandeji. Leo asubuhi nimempelekea chai, akanitazama kwa muda, jicho jekundu lakini limesimama pale pale usoni pangu.

"Kumbe una mwanya," akasema.

Nikasema ndiyo, Baba, tangu utotoni. Natengenezea watu wengine meno, langu nimeliacha. Akasema lisiguswe.

Kisha akaomba kitabu. Nilivuta kiti changu nisome, yeye akawa ameshavaa miwani, kidole kwenye mstari, midomo inacheza. Anasoma mwenyewe. Nimefurahi, Mungu anajua nimefurahi. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Wifi anakuja Jumamosi saa nane mchana. Amethibitisha mara mbili.

Kijiwe kimewaka. Ujumbe mia tatu. Profesa ameandika: Gego, samahani kwa beseni, chanzo chako ni nani? Nikajibu, ni fundi. Akauliza, fundi wa nini? Nikamwambia ukweli.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika jikoni nimesimama, birika liko motoni, nifanye haraka.

Kitabu cha kumi kimetoka leo. Kwenye jalada kuna mnara NA taa. Pamoja! Saa mbili nilikuwa mlangoni kwa muuza vitabu, tulikuwa watu tisa kwenye mstari, hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Saa tatu nimefika nyumbani. Baba amevaa koti la safari, begi limefungwa, liko miguuni. Nikampa kitabu. Hicho hapo, utasoma njiani.

Akakigeuza, akakinusa, akanirudishia. "Soma wewe."

"Lakini Baba, unaona sasa."

"Naona. Nikisoma mwenyewe sina wa kubishana naye."

Tukaanza. Mfagiaji yupo ukurasa wa kwanza! Ukurasa wa kumi na saba anavuka mlango chini ya mnara na anatokea sokoni Chumvi, tumeshikana mikono, tumeruka kama watoto, daktari asijue. Nikasoma mpaka sauti ikakauka. Chakula tulisahau. Ukurasa wa mia moja arobaini na moja – mfagiaji amekufa. Mstari mmoja tu. Alikutwa chini ya ngazi, ufagio kifuani.

Nilifunga kitabu. Sikuweza.

Hapo ndipo wifi akaingia, saa nane kamili, funguo za gari mkononi. Akaona begi, akaona koti, akaona mimi nafuta machozi. Akaweka mkono kifuani: "Nani kafa?"

"Hajafa," Baba akasema. "Huyo hawezi kufa. Mama, fungua kitabu."

"Baba, gari liko juani. Nani hajafa?"

"Mfagiaji."

"Mfagiaji gani? Wa ofisini kwangu?"

Nikakimbilia huku kuweka chai. Mume wangu yuko mlangoni, begi amelishika, hajui alipeleke wapi. Namsikia wifi anavuta kiti. Anasema dakika tano tu, anataka kujua huyo mama ni nani na kwa nini watu wazima wanamlilia. Baba amekohoa, amesafisha koo. Anaanza kumweleza – kuanzia harusi, kitabu cha kwanza!

Ananiita nilete na vile vingine vyote tisa.