Pengo Kwenye Kibao cha Tisa

Ngonga, 9 Aprili 1916

Kwa mkwe wangu Angetile,

Ugonile? Mimi ni mzima, miguu inatembea, mpunga umeanza kuzaa. Natumaini mko hivyo hivyo hapo Ikombe, wewe na mama yako Veronika.

Utashangaa kupata barua yangu. Ni miaka sita tangu mwanangu Eliud akuoe, na mimi na wewe hatujaonana uso kwa uso wala kusemeshana, kama desturi inavyomtaka mwanamke na baba wa mumewe. Ukinisikia njiani unaingia migombani. Jina langu hulitamki. Nimefikiri wiki mbili, nikaona barua haina uso. Naandika Kiswahili ili usihangaike kukwepa maneno ya Kinyakyusa yanayofanana na jina langu.

Habari za Eliud hakuna. Tangu Wajerumani wamchukue Februari kubeba mizigo ya vita, hakuna aliyerudi kutoka kundi lake.

Haja yangu ni macho. La kulia limekufa, la kushoto linaona kama kuna moshi. Mmisionari huja hapa mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine nasoma mimi, mzee wa kanisa. Siku hizi herufi za Injili naziona kama mchwa. Wewe ulisoma shule ya misioni mpaka ukafundisha wenzako. Niandikie maneno yake kwa herufi kubwa. Enoki, anayeuza vyungu vyenu, ataniletea kwa mtumbwi wake.

Usimwambie mtu.

Baba mkwe wako

———

Ikombe, 30 Aprili 1916

Baba mheshimiwa,

Mugonile? Sisi ni wazima. Mama ana kikohozi, lakini anafinyanga. Nimefurahi kusikia miguu yako inatembea.

Zaidi ya hii, karatasi hakuna, hata misioni. Basi nimefanya kwa kazi ninayoijua. Nimepiga vibao vya udongo, ukubwa wa viganja viwili, nikachora herufi kwa kijiti kile kile tunachochorea vyungu, nikavichoma, nikapaka udongo mweupe ndani ya mistari. Vilikuwa kumi na sita, vinne vikapasuka motoni. Enoki analeta kumi na viwili, vimefungwa kwa majani ya migomba. Amelalamika kwamba vyungu havijawahi kuwa vizito hivi.

Cha tisa kina pengo. Ni pale Bwana Yesu anapowataja wazee watatu wa kale, akisema Mungu wao ni wa walio hai. Wawili nimewaandika. Wa tatu mna jina moja. Mkono umekataa. Ukifika hapo, weka mwenyewe.

Kwa Eliud naomba asubuhi na jioni.

Mkweo

———

Ngonga, 16 Julai 1916

Kwa mkwe wangu,

Ndaga fijo, asante sana, kwa vibao. Sasa jicho la kushoto nalo limekwisha, lakini nasoma kwa vidole. Kama mistari hii imepandana, nisamehe.

Mambo yamegeuka. Wajerumani wamekimbilia kaskazini, Waingereza wameingia kutoka Karonga. Mmisionari wetu na mkewe walipewa nusu siku wakusanye nguo, wakachukuliwa. Aliniachia Kitabu na mti wa kufungia mlango.

Vibao ni kumi na viwili tu, kwa hiyo tunarudia. Jumapili iliyopita nilipofika kwa yule mgonjwa aliyeshushwa kupitia paa, jirani yangu Lazaro akasema kwa sauti, "Mzee, huyu tumemshusha mara nne sasa. Kamba itakatika!" Watu wakacheka. Nami nilicheka, lakini sikupenda.

Sasa shida yenyewe. Ofisa mpya anatafuta nyumba za kuweka chakula cha askari. Amesema kanisa lisilo na msomaji ni ghala tu. Atakuja Jumapili tarehe 3 Septemba, na anataka kuona mtu akisoma Kitabu, si udongo. Tukilikosa kanisa, watu hawa watatawanyika; tayari nusu hawaji.

Nimepata njia. Nichoree sura moja nzima. Nitaikariri kwa vidole, kisha siku hiyo nitakifungua Kitabu mbele yake na kuyatoa maneno kana kwamba ninayaona. Hatajua.

Baba mkwe wako

———

Ikombe, 6 Agosti 1916

Baba mheshimiwa,

Mugonile? Mama amepona kikohozi. Pole sana kwa macho. Barua hii nimeichora kwenye udongo, uisome kwa vidole.

Sura sitaichora. Nisamehe kukujibu hivi. Wewe ndiye uliyesimama mbele ya Eliud siku ya ubatizo wake ukamwambia mtu wa Kristo hana ndimi mbili. Alinisimulia. Hatuwezi kuiokoa nyumba ya sala kwa kudanganya ndani yake.

Huko Ngonga kuna mtu mwingine anayejua kusoma? Nimemuuliza Enoki, anasema hakuna. Basi nitakuja kusoma mimi.

Najua desturi. Nimeishika miaka sita wala sijaona uzito wake, kwa sababu ni heshima. Nitajifunika kitambaa, nitasimama upande wa wanawake, nitakupa mgongo. Zaidi ya hapo siwezi kujificha. Enoki atanivusha Ijumaa ya kabla ya tarehe hiyo.

Mkweo

———

Ngonga, 20 Agosti 1916

Angetile,

Usije.

Unajua watu wanavyosema: mwanamke asiyemwogopa baba mkwe huleta mkosi kwa mume. Eliud akiwa amefia njiani, watasema ni wewe uliyemuua, nao watalisema mpaka uzeeke. Nitakutetea vipi? Mimi mwenyewe, nikiwa peke yangu, sijui kama siamini.

Ukiingia, mimi nitatoka.

Baba mkwe wako

———

Ngonga, 10 Septemba 1916

Kwa mwanangu Eliud, popote ulipo,

Ugonile? Sisi ni wazima. Mpunga umeingia ghalani, si mwingi. Natumaini mabega yako hayajachubuka sana.

Barua hii anaichukua Andrea, anayekwenda kubebea Waingereza upande wa Iringa. Maneno ni yangu. Mkono ni wa mkeo, aliyekaa hatua tatu kutoka hapa nilipo.

Macho yangu yamekufa, na Jumapili iliyopita, ofisa wa Kiingereza alipokuja kutaka msomaji, mkeo aliingia kanisani. Nilijua kwa ukimya wa watu. Nikasimama nitoke, kama nilivyomwandikia, nikapapasa ukuta wa matete. Lazaro akaninong'oneza, "Mlango uko kulia, Mzee, lakini umejaa ofisa." Nikabaki nimesimama kama nguzo, kisha nikakaa. (Baba anacheka hapa. Siku ile hakuna aliyecheka. A.)

Alisoma kwa sauti ya kufundishia watoto, bila haraka. Aliuchagua mwenyewe ukurasa wa wazee watatu, wakati Kitabu kizima kilikuwa mkononi mwake. Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akasema, "Baba, kama ni kuvunja desturi, nisiivunje kwa kuibia."

Akamtaja wa kwanza. Akamtaja wa pili. Akanyamaza.

Ofisa akauliza kitu, mkalimani akasema, "Bwana anauliza, msomaji ameshindwa?" Nilikufikiria wewe, Eliud, na mzigo wako, na yale watakayoyasema. Nilijua ananisubiri mimi, si ofisa.

Nikasema, "Mwanangu, soma lililoandikwa."

Akalisoma jina. Akaendelea mpaka mwisho wa sura.

Ofisa aliandika kitu akaondoka. Mpaka leo hakuna gunia lililoletwa kanisani. Jumapili ya leo walikuja watu arobaini na mmoja. Wengine wamekuja kumtazama mkeo tu. Hao nao wamesikia.

Maneno yapo. Anyosisye, mjane jirani yetu, hamwitikii mkeo salamu kisimani. Nimewaambia watu: kama Eliud amekufa, ameuawa na vita, na aliyempeleka vitani si mwanamke huyu. Nitalisema tena mbele ya yeyote. Hofu yangu haijaisha yote, lakini haitaongoza nyumba hii.

Alitaka kukichora upya kibao cha tisa. Nimekataa. Kimeshachomwa, kibaki na pengo lake. Jumapili akisoma yeye Kitabuni, mimi nakipitia kwa kidole, na tunafika hapo pamoja.

Rudi ukiweza. Atakupokea yeye, nami nitakuwa nimekaa hapa hapa. Sitajificha migombani, wala yeye.

Baba yako,
Yakobo

(Ameniambia jina lake niliandike mwenyewe, nikaliandika. Mkeo, Angetile.)