Usingizi wa Simai

Nassra, nshamharibia kaka Simai.

Unajua pale kambini ninapopeleka chai, kina Simai na wanajeshi wenzake wanafanya mazoezi ya vita kwenye kompyuta. Leo mtaalamu wa kompyuta alikuwa anamtengenezea kila mmoja mwanajeshi wa kwenye skrini anayefanana naye: hofu yake, uchovu wake. Akamuuliza Simai, "Kwa usiku unalala masaa mangapi?"

"Manane," Simai akasema.

Na mimi nimeshika chupa ya chai. Mimi, ninayeona haya hata kuitikia salamu! Nikasema, "Halali huyu. Tangu arudi kutoka vitani anakaa kitandani macho mpaka alfajiri."

Nilisema, Nassra! Mbele ya wote!

Mtaalamu akafuta manane, akaandika moja. Vita vikaanza. Yule Simai wa kwenye skrini akasimama tu, hapigi, hakimbii, mpaka wenzake wote wakaanguka. Hakuna aliyecheka. Mkubwa wao akalikata jina lake kwenye orodha ya safari ya kikosi aliyoingoja mwaka mzima.

Sasa tuko nyumbani, adhuhuri hii. Nimemgongea mlango. "Kaka, nisamehe. Nimekuletea chai."

"Niache, Kazija," akajibu. "Nnalala."