Ahadi Niliyoitoa Jikoni kwa Akina Pruitt

Mtaa wa Tatu,
Neuwald, Kansas.
29 Novemba 1983

Mpendwa Wifi Lavonne,

Pokea salamu kutoka kwenye upepo wetu huu usiojua kuchoka. Hujambo wewe, na shemeji Gus hajambo? Goti lako linaendeleaje tangu daktari alipolipasua? Uliponiandikia kwamba unapanda ngazi kwa makalio kama mtoto anayejifunza kutambaa, nilicheka peke yangu mpaka nikaona aibu. Sijui kama huko Anchorage bado mnaliona jua, au limeshaanza kuchungulia na kukimbia.

Mimi mwili wangu ni mzima. Binti yetu Janelle naye hajambo. Bado yuko Wichita anamalizia masomo ya uuguzi, na Siku ya Shukrani alikuja nyumbani tukamla bata mzinga mimi na yeye, watu wawili tu. Najua hapo umesimama kusoma. Ndiyo, wawili tu. Jimiminie kahawa, wifi, ukae.

Royce ameondoka. Yuko Arizona, na pengine ameshakupigia simu. Nimetaka usikie na kwangu pia, kwa sababu wewe ndiye uliyemlea baada ya mama yenu kufariki, na ni wewe uliyeninong'oneza siku ya harusi yetu kwamba nimepata mwanamume asiyejua kudanganya. Nimeyakumbuka sana maneno yale mwezi huu. Sikulaumu. Hata mimi ningeapa hivyo hivyo.

Nianze na mpira, huu wetu wa Kimarekani wa kofia ngumu na kuangushana, maana ndiko yalikoanzia. Mwaka huu hatukushinda hata mechi moja. Chuo chetu ni kidogo na kufungwa tumekuzoea, lakini si hivi. Tulifungwa nyumbani, tukafungwa ugenini, tukafungwa hata na wale wa Nebraska ambao wenyewe walikuja wakiomba radhi kwamba nusu ya wachezaji wao wanaumwa mafua. Mjini watu waligeuza jambo hili kuwa mchezo. Mzee Alvin wa duka la mbegu kila akimwona Royce alikuwa anamwuliza, "Kocha, vijana wako wanacheza mpira au wanapanda ngano? Mbona kila wakati wako chini?" Na kinyozi akadai kwamba vijana wetu wakivuka mstari wa katikati ya uwanja itabidi waonyeshe pasipoti.

Royce alikuwa anacheka pamoja nao. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, wifi. Wewe unamjua. Huyu ndiye aliyekuwa hawezi kula baada ya kufungwa, anayechora mipango yake kwenye vitambaa vyangu vya meza, chumvi ni mchezaji, pilipili ni mchezaji, na kijiko ndicho mpira. Mwaka huu alikula vizuri, akasoma gazeti, akalala. Katikati ya wiki alikuwa anasafiri, akisema anakwenda kutafuta vijana wa mwakani. Nikajiambia, umri umempoza. Hata nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Sasa nikurudishe nyuma mpaka Julai, unielewe. Royce aliniomba niende naye Oklahoma kwenye shamba la akina Pruitt. Yule mama ni mjane, ana mwana mmoja, Kendall, kijana mkubwa kama mlango wa ghala, mpole, wa kusimama safu ya mbele na kuzuia wengine wasipite. Chuo cha jimbo kilikuwa kimempa nafasi, si mbali na kwao. Royce akasema, "Twende wote. Wewe akina mama wanakupenda." Nikaoka mkate, nikavaa gauni langu la bluu, tukaenda.

Tulikaa jikoni. Royce alizungumza yake yote, na Mama Kendall akamsikiliza huku anakatakata maharage mabichi. Alipomaliza, yule mama aliweka kisu chini akanigeukia mimi.

"Huyu mumeo nimemsikia," akasema. "Makocha wote nimewasikia. Wewe ni mama. Niambie wewe. Mwanangu akija kwenu, atacheza mpaka amalize masomo yake?"

"Atacheza," nikamwambia. "Na kila Jumapili atakula mezani kwangu."

"Basi imetosha," akasema, na Kendall akaja kwetu.

Na kweli alikula. Kila Jumapili baada ya ibada walikuja yeye na wenzake, wanajaza sebule, wananiita Mama Kocha, wanamaliza sinia zima la mikate ya nyama na kabichi kabla sijakaa. Walikuja wanachechemea, wengine macho yamevimba. Kendall alivunjika kidole akakifunga na kijiti akaendelea kucheza. Jumapili moja alibaki kunisaidia kukausha vyombo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Kocha, mbona Kocha hatugombezi? Kwetu mtu akiacha kukugombeza ujue ameshakukatia tamaa."

Nikamtetea mume wangu. Nikamwambia, "Kocha anawaamini, ndiyo maana." Kijana akatikisa kichwa kukubali, akapanga sahani.

Yalifumuka Jumamosi ile wahitimu wa zamani wanaporudi chuoni. Unaikumbuka siku yenyewe, uliwahi kuja, bendi mtaani na mapambo ya mabua ya mahindi kila mlangoni. Nilikuwa ukumbini nakata pai za maboga na Corliss, mke wa mkuu wa chuo. Corliss si mtu mbaya, ila mdomo wake hauna breki. Akanipiga kiwiko akasema, "Verna, nakuonea wivu mwenzio. Sisi Januari tutakuwa tunasukuma theluji na majembe, wewe umejianika juani miguu nje."

"Jua la wapi?" nikamwuliza.

"La Arizona, la wapi tena? Au mnafanya siri mpaka mwisho?"

Nilicheka nikidhani ni utani nisioujua. Yeye akanitazama usoni, na kisu cha pai kikasimama mkononi mwake. "Verna," akasema. "Usiniambie Royce hajakueleza."

Alijaribu kuyarudisha maneno, lakini yalikuwa yameshatoka. Baraza la chuo lilikata shauri mwezi Juni kwamba huu utakuwa msimu wa mwisho wa mpira. Timu inafutwa. Royce alikuwemo chumbani walipoamua. Tena alikuwa ameshapata kazi kwenye chuo kikubwa cha Arizona, ya msaidizi wa kocha, aanze Desemba. Safari zile za katikati ya wiki zilikuwa za huko.

Juni, wifi. Na jikoni kwa Mama Kendall tulikaa Julai.

Siku ile tulifungwa arobaini na moja kwa sita. Nilimsubiri Royce ndani ya gari, mbele ya uwanja, watu wakipita wamejifunika mablanketi. Akaingia, akaweka ufunguo, nikamshika mkono.

"Usiwashe. Ni kweli timu inafutwa?"

Akauchomoa ufunguo. "Nani kakuambia?"

"Swali langu halikuwa hilo."

"Ni kweli."

Akaanza kunieleza. Mkuu wa chuo aliwaomba wote wafunge mdomo, kwa sababu vijana wasipokuja, mabweni yatabaki matupu na chuo chenyewe kitakufa. Na habari ikivuja, huko Arizona nani angemchukua kocha wa timu iliyokwisha zikwa? "Nina miaka hamsini na moja, Verna. Hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Nilitaka mambo yatulie kwanza, halafu nikuambie."

"Na mimi ulinipeleka kwa akina Pruitt kufanya nini?"

Akafuta kioo cha mbele kwa kiganja. Nikamwuliza tena.

"Ungejua," akasema, "usingeweza kumtazama yule mama machoni."

"Nisingeweza."

"Ndiyo maana sikukuambia. Mimi mtu wa mpira, wanajua nauza maneno. Wewe wanakuamini."

Lavonne, ningesamehe Arizona. Ningesamehe hata kupakiwa kama sanduku na kupelekwa nisikokujua. Lakini mtu niliyelala naye kitanda kimoja maisha yangu yote ya ukubwani alinitazama akaona kwamba nina jina zuri kwa watu, akalichukua akalitumia kama mtu anavyoazima koleo kwa jirani, tena bila kuomba. Na hakuona haya kulisema. Alilisema kama sifa, kana kwamba ningefurahi.

Akaniomba ningoje. Mechi mbili tu zimebaki, akasema, tusiwavunje vijana moyo. Nikamwambia Kendall anahitaji kuviandikia vyuo vingine sasa hivi, si Januari milango ikishafungwa. Akasema vijana wa umri huo hawakosi pa kwenda. Jumatatu asubuhi nilichukua gari nikaenda Oklahoma peke yangu.

Nilimkuta Mama Kendall nje anawalisha ng'ombe. Sikungoja kukaribishwa ndani, nikamwambia yote pale pale kwenye uzio. Alisikiliza bila kuacha kazi mpaka ndoo ikaisha.

"Na Julai ulipokaa jikoni kwangu," akaniuliza, "ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Naapa."

"Ulisema atacheza mpaka amalize, nikakuamini. Leo unasema hukujua. Nitajuaje?"

Nilisimama pale na upepo unanipiga. Mtu pekee ambaye angeweza kunishuhudia alikuwa Royce. Mama Kendall alinitazama, hakunitukana, akachukua ndoo yake. "Ahsante kwa kuja," akasema, kama mtu anavyomwambia mleta barua, akaingia ndani. Nililia njia nzima hadi mpaka wa jimbo, halafu hasira ikayakausha machozi.

Jioni ile yule mama alimpigia simu mwanawe, na kesho yake timu nzima ilikuwa imejua. Walikutana wenyewe kwa wenyewe bila kocha. Wapo waliotaka kuvua jezi siku ile ile. Kendall aliniambia baadaye walichoamua: watacheza mechi zilizobaki, kwa ajili yao wenyewe, na mazoezini watamfuata kocha kwa neno na si zaidi. Mmoja akasema, "Tusimpe sababu ya kusema sisi ndio tuliokimbia."

Royce aliacha kuzungumza nami. Alidai nimemwuza. Hilo ndilo neno alilotumia, wifi, na aliniambia mimi.

Mechi ya mwisho ilichezwa hapa nyumbani kwenye baridi ya kukata masikio. Sikukaa kwenye kiti cha mke wa kocha. Nilikaa juu kwenye mabenchi ya mbao pamoja na wazazi, na wachache walisogea ili wasigusane nami. Vijana walicheza kwa nguvu ambazo sikuwahi kuziona msimu mzima, na bado walifungwa thelathini na moja kwa saba. Hizo saba watu walizishangilia kama ubingwa. Mzee Alvin alitupa kofia yake juu, na hakuitania timu siku ile.

Filimbi ilipolia, vijana walipeana mikono na wageni, kisha wakampita Royce mmoja mmoja kuelekea vyumbani. Hawakumzomea. Walimpita tu, kama watu wanavyopita nguzo. Kendall alikuwa wa mwisho, kofia yake ngumu mkononi, damu puani. Royce alinyoosha mkono. Yule mtoto aliutazama, akasema, "Usiku mwema, Kocha," akaendelea na safari yake.

Mume wangu akabaki peke yake katikati ya uwanja, akainua uso akaanza kunitafuta. Tangu tulipooana, tushinde tufungwe, mimi hushuka uwanjani nikamshika mkono tukatoka pamoja. Aliniona. Tulitazamana. Miguu yangu ilitaka kushuka, Lavonne, sitakuficha, ilikuwa imezoea. Niliishika mbao niliyokalia kwa mikono miwili, nikakaa mpaka taa zikazimwa.

Wiki ile alifunga mizigo. Aliniuliza mara moja tu, mlangoni, "Unakuja au huji?" Nikamwambia siji. Akasema nitabadili mawazo baridi ikikaza. Sijabadili. Nyumba hii ni ya chuo na itabidi niiache mwezi wa tano, lakini shule ya msingi wameniongezea vipindi vya muziki, na Janelle anasema tutabanana popote.

Kendall anafanya mitihani, kisha anarudi kwao. Kocha mmoja huko Oklahoma amesema atamtazama majira ya kuchipua, hakuahidi zaidi. Jumapili bado nafungua mlango, lakini wanaokuja wamepungua. Kijana mmoja alimwambia mwenzake kwamba mikate yangu ilikuwa chambo. Alisema nikiwa namsikia, na sikuweza kumkatalia. Mama Kendall nimemwandikia mara mbili, hajanijibu.

Sasa ombi langu. Royce atakuja kwako Krismasi. Najua, kwa sababu hana kwingine. Mpokee, wifi. Mpikie, mpe kile chumba chenye jiko la kuni. Ni nduguyo kabla hajawa mume wangu, na sikuombi umfungie mlango. Ila atakapokaa mezani kwako na kuanza kusema hakuwa na njia nyingine, nawe uko mbele yake na uso wako huo wa huruma, naomba usitikise kichwa kukubali. Akuone tu umenyamaza. Nataka apatikane mtu mmoja anayempenda ambaye hatamwambia kwamba ilikuwa sawa.

Nisalimie shemeji Gus, mwambie soksi zake nimezifuma lakini moja imekuwa kubwa kuliko nyingine. Wasalimie Darla na watoto wake, na jirani yenu yule wa mbwa. Janelle anakusalimu sana na anauliza kama bado ni shangazi yake. Nimemwambia hilo halina mjadala.

Mungu awakinge na baridi hiyo, alinyooshe goti lako, na akuweke karibu nami ingawa ramani inakataa.

Wifi yako akupendaye, ukikubali bado niitwe hivyo,

Verna