Sauti ya Mama Imefungwa kwa Kufuli Nililoweka Mimi

Kosa tunalofanya wengi tunapohifadhi kitu ndani ya simu ni kuuliza kama kimefungwa vizuri, tusiulize ufunguo umebaki kwa nani. Barua ya leo imetoka kwa fundi cherehani, mwanamke mtu mzima, na nimeiacha kama ilivyo pamoja na sentensi zake zisizopumua, kwa sababu naamini wako wengine waliochanganyikiwa kama yeye na hawajaandika.

*

Mshauri wetu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye mashine na sijashona hata mshono mmoja tangu asubuhi, maana kichwa kimevurugika na sijui hata jambo langu ni la kifamilia, la mitambo au la kwenda kutubu, kwa hiyo nitalimwaga lote halafu wewe ulipange.

Mama yangu ni fundi wa nguo za kike, amekata vitambaa miaka arobaini na hajawahi kuchora nguo kwenye karatasi wala kushika futi ya kupimia, yeye hukata kwa kusema, mkasi uko mkononi na mdomo unaelekeza, "hapa vidole vitatu, geuza, sasa kiganja kimoja, vitatu nimesema si viwili, unamshonea mtu shingo, humfungi mbuzi," na sisi wanafunzi wake wote tumejifunza hivyo hivyo, kwa kusikia. Miaka mitatu iliyopita daktari aligundua ana uvimbe kooni, akasema atapasuliwa na sauti huenda isirudi, basi nikakaa naye wiki mbili chumbani kwake, yeye anakata na mimi namrekodi kwa simu, gauni, blauzi, koti, sketi ya pande sita, mpaka yakafika masomo arobaini na moja. Upasuaji ulikwenda salama, uvimbe ukatoka, sauti haikurudi. Sasa mama anaandika kwenye daftari dogo analolining'iniza shingoni, mikono yake ni mizima na anashona kama kawaida, ila kufundisha basi.

Baada ya hapo nikaona masomo yale tuwauzie mafundi wanaoanza, na mteja wangu mmoja akanionyesha programu ya simu ambayo unaweka masomo yako humo, inayafunga, na aliyelipia anasikiliza kwenye simu yake tu, hawezi kumrushia mwenzake. Nilifurahi sana, mshauri, maana nimeona watu wanavyorushiana kazi za wenzao bure kama njugu. Nikaweka yote. Programu ikaniambia yamehifadhiwa salama, na simu yangu ilikuwa imejaa kiasi kwamba haipokei hata picha ya mteja, basi nikafuta yale ya mwanzo niliyorekodi mwenyewe. Nilifuta kwa kidole changu hiki.

Mdogo wangu, ambaye naye ni fundi na anaishi mji mwingine, nilimpa nafasi ya kusikiliza bila kulipa, lakini kwenye simu yake moja kama watu wengine. Mwaka jana nikaambiwa kwamba kuna mafundi watatu huko kwake wana masomo ya mama, na ndani yake zinasikika sufuria zikigongana na mtu akipiga chafya. Nikampigia.

"Umeyatoaje humo?"

"Nimeweka simu moja inaongea, nyingine inasikiliza. Nilikuwa jikoni. Kwani kuna ubaya gani?"

"Huo ni wizi."

"Wizi wa sauti ya mama yangu? Kwani dada, mama ulimzaa wewe?"

"Yafute."

"Haya, nimefuta. Umeridhika?"

Akakata simu, na tangu siku hiyo tunasalimiana kwa kupitia mama.

Sasa sikia yaliyonikuta. Wiki iliyopita programu ile imeniletea ujumbe kwamba kampuni inafunga shughuli zake mwisho wa mwezi huu, na baada ya hapo "maudhui yaliyolindwa hayatafunguka." Nimeusoma mara sita. Hayatafunguka vipi wakati yamo ndani ya simu yangu, nayaona kwa macho, yana majina niliyoyapa mimi, sauti ni ya mama yangu, na ile meza inayosikika ikilia ni ya nyumbani kwetu? Nikajaribu kuyahamishia kwenye kompyuta ya jirani, ikasema faili halitambuliki. Nikajaribu kuyarekodi ndani ya simu hiyo hiyo yakiwa yanacheza, nikapata dakika kumi na tano za ukimya mtupu. Nikaenda kwa fundi simu, dada mmoja mwelewa, akasema kulivunja kufuli hilo anaweza, ila nimwachie simu siku mbili pamoja na namba zangu za siri, halafu akashusha sauti akasema kuna mahali kuvunja makufuli ya namna hiyo ni kosa kisheria kwa hiyo nisimtaje. Nikaichukua simu yangu nikaondoka.

Nikamwonyesha mama ule ujumbe. Akausoma, akafungua daftari, akaandika, "Mimi nimenyamaza, na simu nayo?" Akacheka kile kicheko chake cha mabega. Mimi sikucheka. Nikamwambia mama, nilifunga ili nikulinde. Akaandika tena, "Nani alikutuma?"

Hapo ndipo nilipokwama. Njia iliyobaki naiona, simu moja iongee na nyingine isikilize, lakini si ndiyo ile ile niliyomwitia mdogo wangu mwizi? Nikiifanya, mimi niitwe nani? Nikisema nimwombe yeye, alishafuta kwa amri yangu, nitamwendea na uso gani? Na walionilipa niwaambie nini? Sijui aliyekosa ni mimi, mdogo wangu, kampuni, au mama kwa kukataa kutumia futi kama mafundi wengine. Ninachojua ni kwamba zimebaki siku ishirini na sita, na zikiisha mama atanyamaza mara ya pili, na safari hii nitakuwa nimemnyamazisha mimi.

Fundi wa Pande Sita

*

Marahaba, mwanangu. Majibu haya nilikutumia kwa simu kabla hayajachapwa hapa, kwa sababu jambo lako lina tarehe na gazeti lina foleni.

Tuanze na lile lililokuvuruga zaidi, kwamba kitu kiko mkononi mwako na hakifunguki. Nitakueleza kwa lugha ya meza yako. Mteja akikuletea vipimo vilivyoandikwa kwa sentimita, unavisoma wewe, anavisoma fundi wa mtaa wa pili, na atavisoma mtu ambaye hajazaliwa, kwa sababu futi inauzwa kila duka na sentimita haina mwenyewe. Faili la wazi liko hivyo. Namna lilivyoandikwa inajulikana na kila mtu, kwa hiyo simu yoyote inaweza kulisoma. Sasa fikiria mtu amekupimia kwa vidole vyake mwenyewe, akaandika "vidole vitatu," kisha akahama. Karatasi unayo, nguo huwezi kuikata. Kampuni yako iliyaandika masomo kwa vidole vyake, halafu juu yake ikaweka kufuli. Kila unapobonyeza somo, simu yako huenda kuomba ruhusa kwenye kompyuta ya kampuni, mbali huko, nawe hujui kama kuna ombi limekwenda na kurudi. Kompyuta hiyo ikizimwa, hakuna tena wa kuombwa. Simu yako haitakuwa imeharibika. Itakuwa inamsubiri mtu ambaye hayupo.

Usijione mjinga peke yako. Nilifundisha shule miaka mingi, na maandalio yangu ya miaka sita yamo kwenye disketi, yameandikwa kwa programu ambayo leo sipati kompyuta inayoikumbuka. Mke wangu hutumia disketi moja kuwekea kikombe cha chai. Nikilalamika, ananiuliza, "Kwani unaisoma?"

Lakini nitakugombeza, kwa sababu umeniomba nikunyooshee. Kutaka kufunga hakukuwa kosa. Mtu anayeuza kazi yake ana haki ya kutopenda igawiwe ovyo. Ulikosea ulipoifuta nakala ya wazi ukabaki na iliyofungwa. Ulimkabidhi mpangaji funguo zote za nyumba, hata ule wa akiba, ukakaa barazani ukijiambia kwamba nyumba iko salama. Ukitaka kuuza kilichofungwa, uza, lakini nyumbani kwako pabaki nakala isiyomtegemea mtu.

Unauliza kama ukirekodi kwa simu mbili utakuwa mwizi. Hapana. Unaangalia mahali sipo. Unazitazama simu mbili, wakati swali ni nani ametoa ruhusa. Masomo yale ni kazi ya mama yako, wewe ulikuwa mshika simu. Isome tena barua yako taratibu: ulimrekodi, ukayauza, ukayafunga, ukamgombeza mdogo wako, na hakuna mstari hata mmoja unaosema ulimuuliza mama mwenyewe anataka nini. "Nani alikutuma" halikuwa neno la kuchekesha. Lilikuwa swali, na hukulijibu. Mdogo wako naye aligawa kwa watu watatu bila kumuuliza, kwa hiyo simsafishi. Mligombana nyinyi wawili juu ya sauti ya mtu aliye hai, mwenye akili timamu, mwenye daftari na kalamu.

Basi muulize. Mkalie karibu, umwandikie kama anavyokuandikia, nani ayasikie masomo haya na kwa masharti gani. Atakachoandika ndicho sheria ya nyumba yenu.

Kwa fundi simu usirudi. Simkatai ujuzi wake, ila ile ndiyo simu yako ya pekee yenye masomo, na kumwachia mtu simu pamoja na namba za siri kwa ajili ya jambo analoliogopa kulitaja si busara. Sheria za makufuli haya hutofautiana nchi na nchi, nami si mwanasheria, lakini kabla ya kufikiria kuvunja, bado kuna mlango wa mbele. Iandikie kampuni sasa ingali na watu ofisini, uidai nakala zisizofungwa za kazi uliyoiweka wewe. Huenda wakajibu, huenda wakakaa kimya. Usiwasubiri. Wakati huo huo, usiifute programu, usiiruhusu ijisasishe, wala usibadilishe simu.

Kisha rekodi. Masomo arobaini na moja ya robo saa ni kama saa kumi na kidogo, hiyo si kazi ya kumtisha mtu anayekaa kwenye mashine kutwa. Zima mashine, funga dirisha la upande wa barabara, weka simu mbili juu ya kitambaa kizito ili meza isilie zaidi ya inavyolia humo ndani. Somo likiisha, lirushe kwenye simu ya mtu mwingine, ya aina nyingine, isiyo na programu ile. Likifunguka huko bila kuuliza chochote, hilo liko wazi. Lisipofunguka, hujafanya kitu, rudia. Nakala zikikamilika, weka moja kwako, moja kwa mdogo wako, na moja kwenye fleshi ndani ya kabati la mama.

Jambo moja hukulitaja, na mimi limenikosesha raha kuliko kampuni. Mama anasema vidole vitatu. Vya nani? Wewe umekaa naye maisha yako yote, unavijua. Fundi aliyenunua somo lako huko mbali, mwenye vidole vyembamba, anakata shingo nyembamba na kudhani kosa ni lake. Chukua futi, mpime mama vidole, kiganja, na shibiri yake kama huitumia, uandike sentimita kwenye karatasi moja na kila mwanafunzi apewe. Hakuna kampuni ya kufunga karatasi hiyo, na mama bado yupo wa kupimwa.

Waliokulipa waambie ukweli kabla ya tarehe, mapema, kwa maneno machache, na mama akiridhia wape masomo ya wazi badala ya yale yatakayokufa. Wapo watakaorusha kwa wenzao. Sikufichi, hiyo ni hasara. Ni hasara unayoweza kuishi nayo, na ile nyingine umeniambia mwenyewe kwamba huwezi.

Sasa mdogo wako. Huna uhakika kwamba alifuta. Mtu aliyeambiwa "yafute" kwa sauti ile hujibu "nimefuta" ili mazungumzo yaishe. Huenda anayo, huenda hana, huenda wale mafundi watatu wanayo, na kama yapo, basi zile sufuria na ile chafya ndizo nakala pekee za mama ambazo hazimwombi mtu ruhusa. Hata kama hana, programu bado inafunguka kwenye simu yake kama inavyofunguka kwako, mnaweza kugawana masomo mkamaliza nusu ya muda. Ila usimpigie kama mtu anayefuata nakala. Atalisikia hilo kwenye salamu tu, na atakuwa na haki ya kukata tena. Unauliza uende na uso gani? Huo ulio nao. Ulimwita mwizi, na sasa unataka kufanya alichofanya. Mwambie hivyo hivyo, usipambe.

Mpigie leo, umwombe radhi kwa lile neno, kisha nyamaza umsikilize.